Ndama Waliolia Siku ya Vita

Salehe mwanangu,

Salamu yangu ikufikie kabla ya maneno mengine yote, na Mwenyezi Mungu akuweke katika hifadhi yake wewe na hao unaosafiri nao.

Naandika baada ya swala ya alasiri. Wewe umekwenda Chamwino kuwaaga jamaa wa upande wa mama yangu, na umesema utarudi kesho asubuhi, saa ya gari moshi. Nyumba ina kimya ambacho sikukizoea. Mama yako yuko uani anakukaangia karanga za njiani, nasikia mwiko ukikwaruza chungu. Barua hii nitaitia chini kabisa ya mfuko wa karanga. Nakujua. Utakuwa umefika chini kabla gari halijafika Kilosa, na hapo utakuwa mbali kiasi cha kuisoma bila kuniona uso wangu.

Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako amekwisha kukueleza namna ya kufunga blanketi, maji ya kunywa na ya kutokunywa, watu wa pwani na maneno yao. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani tangu hujazaliwa.

Unakwenda kuwa askari. Ulipokuja kuniambia, ulisimama mlangoni ukasema, “Baba, mimi sitakufa kama marehemu baba. Mimi vita ile naijua yote.” Nikakuitikia kwa kichwa. Hukuona kwamba kikombe nilichokuwa nakunywa kilikuwa kitupu.

Kweli unaijua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ulipokuwa mdogo nilitandika mkeka, nikamwaga mbegu za ukwaju kutoka katika ule mfuko wa ngozi, nikakupangia. Hizi ni askari wa miguu. Hizi ni wapanda nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, na hii nyeusi kuliko zote ni ndugu yangu Rashidi, baba aliyekuzaa. Kamba hii ni korongo. Kisha nikakuuliza: ungekuwa wewe bwana mkubwa, ungefanya nini? Na wewe ukajibu vizuri kuliko watu wazima. Ungengoja bombomu, ile bunduki ya kupiga mfululizo, ifike kwanza. Usingewagawa watu mafungu matatu. Ungepeleka wapelelezi wawili wa miguu wachungulie korongo kabla ya kupitisha nyumbu. Ungewashusha wapandaji wapigane wamelala chini. Kila jioni ulimfufua baba yako kwa njia mpya, nami nikacheka, nikakupapasa kichwa.

Na kwa muuza kahawa ilikuwa hivyo hivyo. Unamkumbuka yule shaush mzee mwenye jicho moja, sajini wa zamani, alivyokuwa akinikejeli mbele ya watu: “Athumani, wewe ungepewa jeshi, leo tungekuwa tunakunywa kahawa hii kwa Kaiza nyumbani kwake.” Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaanza upya kusogeza vikombe. Lau wangengoja. Lau wasingegawanyika. Lau wangelala kisimani. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitukataza neno hilo lau, akisema ndilo mlango anaopenda shetani. Mimi nimekaa katika mlango huo miaka yote ya maisha yako.

Lakini, Salehe, kuna lau moja sikuiweka mkekani. Hizo nyingine zote nilizisema kwa sauti kubwa ili hiyo isisikike.

Nikusimulie sasa kama ilivyokuwa.

Nilikuwa kirangozi. Kazi ya kirangozi unaijua, kutangulia msafara, kujua njia na visima. Boma la Wajerumani lilituma askari kwenda kijiji kimoja ng'ambo ya Bahi, ambacho kilikataa kutoa wapagazi na ng'ombe. Marehemu Rashidi alikuwa ombasha, yaani koplo, wa wapanda nyumbu, watu kumi na wawili, nyuma ya bwana mkubwa ambaye peke yake alipanda farasi. Sisi ni baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye mama yake alikuwa mtu wa misafara, akakulia njiani na mjini. Mimi mama yangu Mgogo, nikakulia kwa wajomba nikichunga ndama mpaka nilipong'oka meno ya utoto. Hilo likumbuke, maana ndilo jambo lenyewe.

Siku ile asubuhi tulikuwa kwenye visima vya mchangani, katika mto mkavu. Wapagazi waliobeba bombomu walikuwa nyuma yetu mwendo wa nusu siku. Nilimwendea bwana mkubwa, nikamwambia kwa heshima zote, “Bwana, tungelala hapa. Kuna maji, mzigo wa bombomu utafika jioni, kesho alfajiri tutaingia kijijini na watu waliopumzika.” Mkalimani akafasiri. Yule bwana akacheka puani. Mkalimani akanigeukia: “Anasema kirangozi ana ndugu huko, anataka wapate nafasi ya kukimbia. Na tena anasema utapigwa hamsa ishirini, ili ujue nani anayeongoza.”

Ishirini na tano za kiboko, mbele ya watu wote. Na aliyeamriwa kupiga alikuwa ombasha Rashidi.

Askari walikuwa na ujanja wao, kila mtu aliujua. Akipigwa mwenzao, kiboko kinashuka kwa kelele lakini nusu yake inapiga mchanga. Nikalala kifudifudi nikingoja huruma hiyo ya ndugu yangu. Haikuja. Alinipiga kweli kweli, Salehe. Alinipiga kama mtu asiyenijua. Ya kumi nilimwita jina, hakuitika. Nilipoinuka sikumtazama. Ndani yangu nilisema: leo sina ndugu. Nilisema hivyo nikiwa na udhu wa alfajiri.

Tukaondoka. Shati liliganda mgongoni, likachanika kila nilipovuta hatua. Adhuhuri tukafika kijijini, na kijiji kilikuwa kitupu. Hakuna moshi, hakuna mbwa. Upande wa machweo vumbi refu lilipanda, vumbi la ng'ombe wengi wanaoswagwa. Bwana mkubwa akatazama kwa darubini yake akafurahi. Wamekimbia, akasema. Hapo ndipo alipowagawa, kama unavyojua. Shaush na fungu la miguu wafuate vumbi. Fungu jingine libaki kijijini na mizigo. Yeye na wapanda nyumbu wazunguke kwa kupita ndani ya korongo, wawatangulie ng'ombe mbele.

Mpaka hapa ndivyo ulivyokuwa mkeka wetu. Sasa nakuongezea kilichokosekana.

Kulikuwa na ndama wakilia.

Katika tembe moja pembeni, nyumba ndefu ya udongo yenye paa tambarare, ndama walikuwa wamefungiwa ndani, wanalia. Askari wote waliwasikia, hakuna aliyejali. Kwao ilikuwa kelele ya mifugo tu. Lakini mimi nililelewa na kelele ile. Mtu wa kwetu akikimbia kweli, ndama ndio wa kwanza kutolewa. Atambeba ndama begani akaacha chungu, akaacha ngozi ya kulalia, akaacha hata nafaka. Ndama wakiachwa ndani, maana yake mama zao wanarudi jioni kuwanyonyesha, na kama mama zao wanarudi, wenyewe hawajaenda popote. Lile vumbi lilikuwa la vijana wachache wanaozungusha ng'ombe ili tulione. Wanaume walikuwa karibu. Nikatazama ardhi ile, hapakuwa na mahali pa kuficha watu wengi wasionekane isipokuwa korongo.

Nilijua. Sikuhisi tu wala sikudhani. Nilijua kama ninavyojua sasa kwamba mama yako anakaanga karanga.

Nilifungua mdomo. Kisha shati likavuta ngozi mgongoni, nikaufunga.

Rashidi akaja nilipokuwa, akijifanya anakaza mkanda wa nyumbu wake. Alikuwa na ile sauti yake ya mzaha, ile ambayo watu husema umeirithi wewe.

“Umeninunia, mdogo wangu?”

Nikageukia lile vumbi la ng'ombe.

“Haya, nuna. Tukirudi nitakununulia shali ya hariri uninunie umependeza.”

Akakaza mkanda ambao ulikuwa umekwisha kukazwa. Akageuza kichwa kule kwenye tembe.

“Hao ndama wanalilia nini?”

Aliniuliza mimi, Salehe. Kati ya watu wote wale, yeye peke yake aliyesikia kwamba kuna jambo, na akamuuliza mtu anayestahili kuulizwa. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikamjibu:

“Wana njaa.”

Akaniangalia kidogo, kama anayengoja neno lingine. Akapanda nyumbu wake, akaenda.

Yaliyofuata unayajua. Waliingia korongoni mmoja nyuma ya mwenzake. Sauti tulizisikia kabla hata vumbi lao halijatua. Nyumbu wawili walirudi, hawana watu. Sisi tuliobaki tulipanda juu ya paa la tembe, chini yetu ndama wakilia, tukapigana mpaka wapagazi wa bombomu walipofika jua likizama. Wenye kijiji wakaondoka, na ng'ombe zao wakaenda nao. Ndama wao waliwafungulia kwanza, nyuma ya nyumba, huku risasi zinalia. Niliwaona. Hata katika saa ile hawakuwaacha.

Nilimkuta Rashidi ameegemea ukingo wa korongo kama mtu aliyekaa kupumzika. Nilimwosha kwa mchanga, maana maji hayakuwapo, nikamzika mimi mwenyewe.

Njiani kurudi, mpishi wa bwana mkubwa, mtu wa Pangani jina lake Mabruki, alikuja kutembea karibu yangu. Akaniambia, “Pole, kirangozi. Ndugu yako jana aliniomba samli kidogo. Nikamuuliza ya nini, akasema ya mgongo wa mdogo wangu, nitampaka tukitua.” Akaendelea, masikini, akidhani ananifariji. “Na vile viboko usimwekee moyoni. Nilikuwa pale nikimimina chai. Aliambiwa akipiga kwa ujanja, utapigwa upya hamsini, na mtu mwingine. Akaona bora azimalize yeye.”

Nilikaa chini njiani. Msafara ukanipita. Mimi kirangozi, ninayepaswa kuwa mbele.

Nikarudi kwa mama yako, wewe ukiwa tumboni bado. Aliniuliza, “Ulikuwa karibu naye?” Nikasema ndiyo, nilikuwa karibu. Alisema alhamdulillahi, hakuwa peke yake. Akaniamini. Eda ilipokwisha, ukiwa mtoto mchanga, wazee wakakaa, wakasema nishike nyumba ya kaka yangu, nikaishika. Sikuishika kwa mapenzi mwanzoni, mapenzi yalikuja baadaye. Niliishika kama mtu anayejaza shimo alilolichimba mwenyewe. Ulipoanza kusema, uliniita Baba. Hakuna aliyekufundisha. Nilitoka nje siku ile nikasimama nyuma ya zizi.

Nataka nikuambie pia uongo ninaojiambia, ili usije ukauokota popote ukadhani ni dawa. Kwa miaka mingi nilijisemea kwamba nilinyamaza kwa ajili ya wajomba zangu. Wale walikuwa watu wa damu ya mama yangu, wanalinda ng'ombe zao na watoto wao, na kama ningesema, wangekufa wao badala ya sisi. Ni kweli wangekufa. Baadaye walikufa wengi, lilipokwenda jeshi jingine likachoma tembe zote. Nami nawaombea wao pia, kila siku, sioni haya kukuambia. Lakini siku ile sikuwafikiria. Mungu anajua nilichokifikiria. Nilifikiria mgongo wangu. Nilitaka Rashidi aone aibu kidogo, apate hofu kidogo, arudi amechafuka, aniombe radhi. Nilitaka kidogo tu.

Wala sikuwa na njia moja ya kumwokoa, nilikuwa nazo nyingi. Siku hizi bwana mkubwa na mafungu yake matatu hawaniingii kichwani tena. Naona mambo madogo. Ningeweza kumwambia nyumbu wake anachechemea. Ningeweza kumshika mguu. Ningeweza kusema kwa lugha ya nyumbani, neno moja, “Baki,” na bwana mkubwa asingejua limesemwa. Sikuhitaji kuongoza vita. Nilihitaji kumjibu ndugu yangu alipouliza.

Juzi ulipotuonyesha ile kofia mpya, ukaondoka kwenda kuwaonyesha wenzako, mama yako alibaki anatwanga. Nikakaa kwenye kizingiti nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Hakusimamisha mchi. Alitwanga mpaka uwele ukawa vumbi. Kisha akasema, “Miaka yote hii nimekuona unaswali rakaa zisizo na hesabu, nikasema nimeolewa na mcha Mungu.” Nikamwambia, “Nisamehe, mama Salehe.” Akasema, “Mimi nitajua cha kufanya na wewe. Mtoto mwambie mwenyewe. Usiniachie mimi.” Tangu siku hiyo ananipakulia chakula kama kawaida, ila haketi. Sijui kama ataketi tena. Nangoja.

Ndiyo maana naandika. Ningeweza kukuacha uende na vita ile ya mkekani. Lakini naona nilikuharibu. Nilikufanya uamini kwamba baba yako alikufa kwa sababu mtu fulani mkubwa alipanga vibaya, na kwamba mtu mwenye akili akipanga vizuri harudi nyumbani amekosa mtu. Ukaipenda vita kwa sababu mimi niliipanga ikapendeza, mbegu zinang'aa, jioni ina ubaridi. Unakwenda kesho kwa ajili ya mchezo nilioutunga kujificha. Hilo linaniuma kuliko kiboko.

Sikukatazi kwenda. Umekwisha kutia jina lako kwenye karatasi yao, na ningekukataza kwa haki gani. Nakuomba jambo moja tu, si kama mwalimu, kama mtu aliyelikosa. Huko utakuwa ombasha siku moja, nakuona, una sauti ya kusikilizwa. Kutakuwa na mtu katika msafara aliyepigwa asubuhi, amenyamaza. Mwendee. Ukimwuliza jambo akakujibu kwa maneno mawili, usipande nyumbu. Kaa chini karibu naye, hata kama wenzako wanakuita. Mwulize mara ya pili. Rashidi angeuliza mara ya pili, ningemwambia. Naapa ningemwambia. Nilikuwa nalo mdomoni.

Ona, hata hapa bado nasema lau, na tena namtwika yeye. Nisamehe hilo pia. Nimelifuta nikaliandika tena, maana ni kweli ndivyo ninavyofikiri saa za udhaifu, na nimeahidi kutokuficha.

Ule mfuko wa ngozi nimeufungua leo. Mbegu zipo zote isipokuwa ile nyeusi. Nilimtafuta Rashidi mkekani, chini ya kitanda, kwenye pindo la jamvi. Mama yako akaniona nikitambaa, akasema, “Ameichukua mwenyewe. Nilimwona akiishona kwenye mkanda wake.” Kwa hiyo unakwenda naye. Vema. Mimi nilikuwa na nia ya kukupa.

Karanga zimeiva, nasikia anazipepeta. Lazima nimalize kabla hajaingia.

Kesho stesheni sitasema neno la haya. Nitakushika mkono, utanipa shikamoo yako, nitakuombea dua, na watu watatuona kama baba na mwana wengine wote. Niachie asubuhi hiyo moja. Baada ya Kilosa, mambo yote ni yako.

Ukiniandikia, uandike wewe mwenyewe, usimpe karani. Ukianza na Baba Mdogo, ni haki yako, ndivyo nilivyo kwa damu, nitalipokea na sitalalamika kwa mtu yeyote. Ukianza na neno lile ulilonipa ulipokuwa hujui lolote, nitalipokea nikijua kwamba sasa unajua. Na usipoandika, nitakwenda stesheni siku zote za gari la barua, nitauliza, nitarudi. Mwendo naujua, na kungoja nimezoea.

Hapa chini nimeandika jina tu. Mimi ni nani kwako sikuandika. Mahali pake nimepaacha wazi.

Athumani bin Feruzi,
Dodoma